Nairobi Hadi London: Umbali Ni Ule Ule, Saa Ndizo Hubadilika

Andika kwenye mtambo wowote wa kutafuta swali hili: ni kilomita ngapi kutoka Nairobi hadi London, na ndege huchukua saa ngapi? Utapata majibu mawili papo hapo. Umbali ni takriban kilomita 6,840. Muda ni kati ya saa 8 na nusu na saa 9. Majibu haya huwekwa bega kwa bega, na msomaji hudhani la pili limetokana na la kwanza.

Sisi tunaoandika programu ndio tumewazoesha watu hivyo. Tunachukua umbali, tunaugawanya kwa mwendo wa ndege, tunaongeza nusu saa ya kupaa na kutua, kazi imeisha. Lakini ukifuatilia historia ya njia hii tangu miaka ya 1930 utaona kwamba umbali haujawahi kueleza muda wa safari. Umbali haukubadilika. Muda ulishuka kutoka wiki nzima hadi usiku mmoja, na sababu nyingi hazikuwa za mwendo wa ndege. Leo basi tutazame yote mawili, tuanze na lile rahisi.

Umbali: mistari mitatu tu

Viwanja viwili tunavyovizungumzia ni Jomo Kenyatta (NBO) na Heathrow (LHR). Cha kwanza kiko latitudo 1.3192 kusini na longitudo 36.9278 mashariki. Cha pili kiko latitudo 51.4700 kaskazini na longitudo 0.4543 magharibi. Ukishageuza digrii kuwa radiani, kilichobaki ni hiki:

a = sin(tofauti_lat/2)^2 + cos(lat1) * cos(lat2) * sin(tofauti_lon/2)^2
c = 2 * asin(sqrt(a))
umbali = 6371 * c

Herufi c ni pembe kati ya viwanja hivyo viwili, ukijifikiria umesimama katikati ya dunia. Hapa inatoka digrii 61.52. Namba 6371 ni nusu kipenyo cha dunia kwa kilomita. Jibu: kilomita 6,841 hivi.

Fomula hii inaitwa haversine. Jina lenyewe lilibuniwa na James Inman, mwalimu wa mabaharia wa Uingereza, mwaka 1835. Mabaharia waliipenda kwa sababu thamani zake haziendi chini ya sifuri, kwa hiyo zilifaa kutafutwa kwenye majedwali ya logi kabla ya kuwepo tarakilishi. Sisi tunaipenda kwa sababu nyingine: haipotezi desimali muhimu pale vituo viwili vinapokaribiana sana.

Hesabu yenyewe ni kongwe kuliko jina. Al-Biruni, mwanazuoni aliyezaliwa mwaka 973, alitumia jiometria ya tufe kukokotoa mahali ilipo miji na umbali kati yake. Mojawapo ya makusudio yake lilikuwa kujua mwelekeo wa kibla kutoka mji wa Ghazna. Ndiyo hesabu ile ile ambayo simu yako hufanya leo inapomwonyesha Mwislamu wa Mombasa au Lamu upande wa Makka.

Utagundua pia kwamba tovuti moja inasema kilomita 6,836 na nyingine 6,841. Usishangae. Marubani na mabaharia hupima kwa maili za baharini, na maili moja ya baharini ilikusudiwa ilingane na dakika moja ya pembe. Zidisha digrii 61.52 kwa 60 upate maili 3,691, kisha zidisha kwa 1.852 upate kilomita 6,836. Tofauti ni ya nusu kipenyo tu. Kwa kuwa dunia si tufe kamili bali imebonyea kidogo kwenye ncha zake, anayetaka usahihi zaidi hutumia fomula aliyoichapisha Thaddeus Vincenty mwaka 1975. Hata ukibaki na haversine, kosa halizidi nusu ya asilimia moja.

Tahadhari moja kwa wenzangu wa Kenya: ramani zetu nyingi za zamani zilichorwa kwa mfumo wa Arc 1960, ilhali GPS hutumia WGS 84, na mfumo huo wa pili ndio uliofanywa kanuni ya usafiri wa anga duniani kuanzia tarehe 1 Januari 1998. Ukichanganya vipimo vya mifumo hii miwili, uwanja wako utahama mamia ya mita. Kwa safari ya kwenda London hilo si kitu. Kwa ndege inayotafuta njia ya kutua ndani ya ukungu, ni jambo kubwa.

Huo ndio umbali. Sasa tuingie kwenye muda, ambao hauna fomula.

1931: saa 43 zilizogeuka wiki

Tarehe 28 Februari 1931 shirika la Uingereza la Imperial Airways lilianza safari kutoka Croydon, uwanja wa London wa wakati huo, hadi Mwanza ukingoni mwa Ziwa Victoria. Kisumu ilikuwa kituo kwenye njia hiyo. Januari 1932 njia ilirefushwa hadi Cape Town, na safari nzima ilipangiwa siku 11 hivi. Anayeshukia Kenya alitumia karibu wiki.

Hebu tufanye hesabu ya mtengenezaji programu mvivu. Ndege za wakati ule zilienda kama kilomita 160 kwa saa. Gawanya 6,840 kwa 160, unapata saa 43. Hiyo haifiki hata siku mbili. Siku nyingine zilienda wapi?

Jibu la kwanza ni usiku. Ndege ziliruka mchana tu, na jua likizama abiria walilala hotelini. Jibu la pili ni mafuta: ndege ilitua kila baada ya saa chache. Jibu la tatu ndilo linalonivutia zaidi. Uingereza na Italia hazikuelewana kuhusu haki ya kupita angani, kwa hiyo abiria wa mwaka 1932 aliyetoka London aliruka hadi Paris tu. Hapo alishuka, akapanda gari moshi hadi Brindisi, kusini kabisa mwa Italia, kisha akaendelea kuvuka Mediterania kwa ndege ya kutua majini. Kutoka Alexandria hadi Cairo alipanda gari moshi tena. Kutoka Cairo hadi Khartoum ilikuwa ndege ya magurudumu, na kutoka Khartoum hadi Kisumu ndege ya majini kwa mara nyingine.

Kwa hiyo tiketi iliyoitwa ya ndege ilikuwa na gari moshi mbili ndani yake, na moja kati ya hizo ilikuwepo kwa sababu ya ugomvi wa serikali. Pamoja na hayo watu walilipa. Meli kutoka Uingereza hadi Mombasa ilichukua takriban majuma matatu, na kutoka Mombasa kulikuwa na reli bado.

Na Nairobi je? Nairobi haina ziwa. Barua na abiria wake walichukuliwa kati ya Kisumu na mji mkuu na Wilson Airways, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1929 na Florence Kerr Wilson. Ni jina lake ambalo Uwanja wa Wilson ulio karibu na Lang'ata unalibeba hadi leo.

Miji mikuu ya majini

Mwaka 1937 Imperial Airways ilileta ndege kubwa za majini za aina ya Short Empire, kutoka Southampton hadi Durban. Ukisoma orodha ya vituo vyake utadhani ni ramani ya maji ya Afrika Mashariki: Khartoum, Malakal, Butiaba kwenye Ziwa Albert, Port Bell karibu na Kampala, Kisumu, Mombasa, Dar es Salaam, Lindi, halafu Msumbiji. Durban ilifikiwa kwa chini ya wiki moja.

Tazama jambo hili. Kwa kipindi hicho Kisumu na Lindi zilikuwa karibu na Ulaya kuliko Nairobi, ingawa ramani haikubadilika. Ukaribu ulitokana na maji tulivu ya kutulia ndege. Ziwa Naivasha nalo lilitumika kama kituo cha ndege hizo hadi mwaka 1950, na wasafiri wa Nairobi walimalizia safari kwa barabara.

Kilichozimaliza ndege za majini ni viwanja vya lami vilivyojengwa kwa wingi wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Vita vilipoisha, ndege ya magurudumu haikuhitaji tena ziwa, na mji usio na ziwa haukuwa na kasoro tena. Nairobi ikatumia uwanja wa Eastleigh.

1952: mwaka wa safari mbili

Mwaka 1952 una safari mbili zinazoonyesha vizuri kipindi cha mpito.

Ya kwanza ni ya huzuni. Tarehe 6 Februari binti wa mfalme wa Uingereza, Elizabeth, alikuwa ziarani Kenya alipopata habari kwamba babake, George VI, amefariki. Alikuwa sasa malkia, na alitakiwa London haraka iwezekanavyo. Alichukuliwa kutoka Nanyuki kwa ndege ndogo ya East African Airways hadi Entebbe, ambako ndege ya masafa marefu ya propela ilikuwa ikimngoja. Mvua ya radi ikamchelewesha. Kisha ndege ikatua El Adem, Libya, kuongeza mafuta, na London ikafikiwa alasiri ya tarehe 7. Huyo alikuwa mtu ambaye serikali nzima ilitaka afike upesi, na bado ilibidi aanzie Entebbe na asimame Libya.

Ya pili ilifuata miezi mitatu baadaye. Tarehe 2 Mei 1952 shirika la BOAC lilianzisha safari ya kwanza duniani ya abiria kwa ndege ya jeti, aina ya Comet, kutoka London hadi Johannesburg. Ilisimama Rome, Beirut, Khartoum, Entebbe na Livingstone, na ikafika kwa karibu saa 24. Safari ya siku 11 mwaka 1932 sasa ilikuwa ya siku moja.

Furaha hiyo haikudumu. Ndege hiyo hiyo iliyofanya safari ya kwanza ilianguka baharini karibu na kisiwa cha Elba tarehe 10 Januari 1954, na nyingine ikaanguka karibu na Naples tarehe 8 Aprili. Uchunguzi ulionyesha kwamba chuma cha mwili wa ndege kilikuwa kikitanuka na kusinyaa kila safari kutokana na hewa iliyoshindiliwa ndani, hadi kikapasuka. Comet zilisimamishwa, na Afrika ikarudi kwenye propela kwa miaka kadhaa. East African Airways ilianza kutumia Comet 4, iliyoundwa upya, mwaka 1960.

Embakasi: nani alilipia saa tunazookoa?

Jeti huhitaji njia ndefu ya kurukia, na Nairobi ilihitaji ndefu zaidi. Uwanja uko mita 1,624 juu ya usawa wa bahari. Kwa kimo hicho hewa ni nyepesi kwa takriban asilimia 15 kuliko Mombasa. Mabawa hupata nguvu kidogo ya kuinua ndege, injini nazo hupata hewa kidogo ya kuchomea mafuta. Jua la mchana huongeza tatizo. Ndege nzito iliyojaa mafuta ya kufika Ulaya hulazimika kukimbia mbali zaidi kabla ya kupaa, na ndiyo maana njia ya Jomo Kenyatta leo ina zaidi ya kilomita 4. Waingereza waliunda hata ndege maalumu, VC10, kwa ajili ya viwanja vya joto na vya juu kama vya Afrika. East African Airways iliipokea ile aina kubwa, Super VC10, kuanzia mwaka 1966 na kuitumia kwenda London.

Lakini njia hiyo ya kurukia haikujitandika yenyewe. Uwanja wa Embakasi ulijengwa katika miaka ya 1950, wakati wa Hali ya Hatari, kwa kutumia watu waliozuiliwa na serikali ya kikoloni katika vita dhidi ya Mau Mau. Walivunja mawe na kusawazisha ardhi kwa mikono wakiwa chini ya ulinzi. Gavana Evelyn Baring aliufungua Machi 1958. Aliyetarajiwa kuufungua ni mamake Malkia Elizabeth, ila alicheleweshwa njiani akirudi kutoka ziara ya Australia na New Zealand.

Historia nyingi za uwanja huu huishia kwenye jina la gavana. Mimi naona tukitaja saa 9 za kwenda London tuwataje na hao wafungwa, maana bila njia yao hakuna jeti nzito ambayo ingeondoka Embakasi. Muda tunaouokoa sisi ulitolewa na wao, tena bila hiari.

East African Airways ilisambaratika mwaka 1977 pamoja na Jumuiya ya Afrika Mashariki, na Kenya Airways ikazaliwa mwaka huo huo. Jengo jipya la abiria lilifunguliwa mwaka 1978.

Anga ni ya nani?

Ukichora duara kuu, yaani njia fupi kabisa juu ya tufe, kutoka Nairobi hadi London, mstari unapita kaskazini magharibi mwa Kenya, Sudan Kusini, Sudan, Libya, Mediterania, Sicily, Italia na Ufaransa. Programu huuchora bila wasiwasi. Rubani lazima aombe ruhusa kila mpaka.

Ruhusa hiyo inaweza kunyimwa. Mwaka 1963 nchi kadhaa za Afrika zilifungia anga zao ndege za Afrika Kusini kwa sababu ya ubaguzi wa rangi. South African Airways, ambayo awali ilipitia Nairobi na Khartoum kwenda London, ikalazimika kuzunguka pwani yote ya magharibi mwa bara. Hakuna aliyeongeza hata mita moja kati ya Johannesburg na London, lakini safari ilirefuka kwa sababu Waafrika walikataa.

Katika karne hii sababu zimekuwa vita. Baada ya mapigano ya Libya ya mwaka 2014 mashirika mengi ya nje yaliepuka anga yake. Kisha tarehe 15 Aprili 2023 vita vilizuka Khartoum, anga ya Sudan ikafungwa, na ndege za kati ya Nairobi na Ulaya zikalazimika kuzunguka. Watu wa Khartoum walipoteza nyumba na maisha. Abiria wa Nairobi alipoteza dakika. Mambo haya hayalingani, ila ni tukio moja linaloonekana sehemu mbili: mtaani Khartoum, na kwenye ratiba ya uwanja wetu.

Hata hati tupu zinaweza kusimamisha ndege. Kutoka Nairobi hadi New York ni takriban kilomita 11,840. Juni 2009 shirika la Delta lilikuwa tayari kuanza safari za kuja Nairobi kupitia Dakar, na serikali ya Marekani ikazizuia dakika za mwisho kwa hoja za usalama. Kenya ilipewa daraja la kwanza la usalama wa anga na Marekani Februari 2017, na tarehe 28 Oktoba 2018 Kenya Airways ikaruka moja kwa moja hadi New York kwa Boeing 787. Ratiba ilikuwa saa 15 kwenda na saa 14 kurudi, kwa sababu upepo wa juu huvuma kutoka magharibi na humsukuma anayerudi. Ndege iliondoka saa tano na dakika 25 usiku, wakati hewa ya Nairobi ni baridi na nzito kidogo, jambo linalofaa ndege iliyobeba mafuta ya nusu siku.

Kwa wanaoandika programu

Turudi London. Jeti ya leo huenda kama kilomita 900 kwa saa. Gawanya 6,840 kwa 900, unapata saa 7 na dakika 36. Ratiba husema saa 8 na nusu hadi 9. Tofauti hiyo ya saa nzima na zaidi ni kutambaa ardhini kutoka langoni, kupaa, kukwepa anga zilizofungwa, upepo wa mbele unapoelekea London, na kuzunguka juu ya Heathrow ukingoja zamu.

Ushauri wangu ni mfupi. Umbali ukokotoe, kwa maana ni kazi ya mistari mitatu na hautabadilika. Muda usiukokotoe. Uchukue kutoka kwenye safari zilizofanyika kweli, uuwekee tarehe, na uuhifadhi kwa kila upande peke yake, maana kwenda na kurudi si sawa. Na muda wa njia fulani ukiruka ghafla kwa dakika 40, usikimbilie kutafuta hitilafu kwenye msimbo. Fungua kwanza taarifa ya habari uone ni nchi gani iliyo chini ya mstari wako.